Nasaba ya Chubwi

Hapo zamani, wafalme walipokuwa na nafasi ya kushughulikia yasiyowahusu, palikuwa na Sultani katika mji wa Mwandani, jina lake Harubu, naye alipenda nasaba kuliko chakula. Mtu hakuketi barazani kwake ila ataje baba na babu hata wa saba. Alipokwisha kuwauliza watu, akageukia maneno. Akamwamuru mwandishi wake, Sheikh Burhani, aandike kitabu cha maneno yote, na kila neno litajiwe asili yake: hili la Uarabuni, hili la Uajemi, hili la Bara Hindi.

Kazi ikaenda vizuri hata wakafika kwenye neno chubwi. Maana zake Sheikh aliziandika upesi: mlio wa kitu kizito kitumbukiapo majini, na tena ile risasi inayozamisha mshipi wa mvuvi. Lakini asili hakuiona. Akapekua vitabu miezi mitatu, akauliza mabaharia, akakonda. Mwishowe akasema, "Bwana wangu, neno hili halina baba."

Sultani akaona haya kana kwamba aibu ile ni ya nyumbani kwake. Akatoa amri: mpaka baba wa neno apatikane mbele ya mashahidi, atakayelitamka atafungwa. Mpiga mbiu akazunguka mjini akitangaza kuwa kuna neno limekatazwa, na watu wakimwuliza ni neno gani, yeye hutikisa kichwa na kupita, kwa maana naye alikuwa na watoto wa kulea.

Basi alikuwako fukara mmoja, Faki, kazi yake kuopoa ndoo zilizotumbukia visimani. Watu walimwona punguani, kwa kuwa alizoea kuzungumza na visima. Siku moja baada ya amri ile mkewe, Mwanaidi, alikuwa akiteka maji, kamba ikakatika, naye akawaambia wenzake, "Mmeisikia? Ndoo yangu hiyo, chubwi." Ikawa kosa, askari wakamchukua. Faki alimpenda mno mkewe, na nyumba isiyo na maneno yake hakuiweza. Siku sita hakula akashiba.

Siku ya saba akaenda barazani, akapiga magoti.

"Bwana wangu, nimekuja na habari za baba wa neno."

"Yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Yumo humu humu jumbani. Ila nina swali kwa kadhi. Neno hilo likitoka mbele ya mashahidi, na mtu aliyelitoa akaonekana kwa macho, huyo ndiye baba yake, au siye?"

Kadhi akafikiri kidogo, akasema, "Ndiye."

"Ndiye," akasema Sultani. "Na ukinidanganya, utamfuata mkeo."

Faki akawaongoza hata kwenye birika kubwa la maji lililokuwa uani. Akaokota jiwe kubwa, akampa Sultani kwa mikono miwili.

"Liangushe majini, Bwana wangu. Mimi sithubutu. Nikilitoa neno mimi, nitafungwa."

Sultani akaliachia. Chubwi. Maji yakamrukia Sheikh Burhani ndevuni.

"Kadhi, umelisikia?" akauliza Faki.

"Nimelisikia."

"Limesema nini?"

Kadhi akafungua kinywa, akakumbuka gereza, akakifunga.

"Basi na aliyelitoa ni nani?"

Watu wote wakaitazama mikono ya Sultani, nayo ilikuwa mitupu, imelowa.

"Sheikh, andika," akasema Faki. "Chubwi bin Harubu, na babu zake hata wa saba unawajua. Sasa, Bwana wangu, mke wangu amelala gerezani siku sita kwa kumtaja mwanao kwa jina lake. Hilo ni kosa gani?"

Sultani akamtazama kadhi, kadhi akatazama birika. Kisha Sultani akaanza kucheka, naye hakutaka, lakini kicheko kikamshinda, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru Mwanaidi afunguliwe pamoja na wote waliofungwa kwa neno lile, na Faki apewe joho na ng'ombe wa maziwa.

Mwanaidi akaletwa, amepungua mwili lakini hasira yake nzima. Faki akamnong'oneza yaliyotokea. Naye akasogea mbele ya Sultani, akainama, akamwamkia kama aamkiwavyo mtu aliyejaliwa mwana.

"Shikamoo, Baba Chubwi."

"Marahaba," akaitikia Sultani kabla hajawaza. Na mji mzima ukalishika jina hilo hilo, asiitwe tena kwa jingine mpaka siku alipozikwa.