Akukatiaye Sale Amekupa Mbegu

Akukatiaye sale amekupa mbegu. Mmemsikia mama yenu akisema hivyo leo asubuhi, na sasa mnataka kujua msemo huo ulikotoka. Haya, wekeni majembe chini. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku mlimani, aliishi mjane aitwaye Ndekusura. Mumewe alimwachia watoto watatu na kihamba cha migomba na kahawa, kilichozungushiwa masale. Sale mnalijua: masika na kiangazi ni kijani vilevile, maua yake meupe hunukia jioni, na likishapandwa mpakani, mwenye adabu halivuki. Siku hizo ndilo lililokuwa hati ya shamba.

Shemeji yake Kiwia, waliyepakana naye, alikitamani kihamba hicho kupita kiasi. Alikuwa na cha kwake kikubwa, lakini tamaa haina shibe. Ndekusura alipokwenda kwao kumzika mama yake, Kiwia alichukua panga akafyeka masale yote ya mpakani, mashina akayatupa mferejini. Kisha akapeleka neno kwa wazee wa ukoo kwamba pale hapana mpaka, shamba ni moja na ni lake. Wazee wakasema watakuja kutazama masika yakiisha.

Ndekusura aliporudi alikuta visiki vitupu. Alilia sana, maana hakuwa na pengine pa kuwapeleka wanawe. Alipomaliza kulia alishuka mferejini, akaokota mashina yote, akalikata kila moja vipande vinne, akaanza kuvichimbia mpakani. Mikono ilimchubuka, hakuacha.

Kiwia akaja kumcheka. "Shemeji, tangu lini kuni zikapandwa?"

"Napanda ulichonikatia, shemeji."

"Hivyo havioti!"

"Basi vinakuhangaishia nini?"

Kumbe Kiwia hakuwa amewahi kupanda sale hata moja maishani. Yote aliyakuta yamepandwa na baba yake. Hakujua kwamba sale hupandwa kwa kipande cha shina, na kwamba kisiki chake kikifyekwa huchipua vichwa viwili vitatu.

Masika yakapita, wazee wakaja. Palipokuwa na shina moja sasa palisongamana matano, hata kuku hapenyi.

"Kiwia," mkubwa wao akauliza, "ndipo hapa ulipotuambia hapana mpaka?"

Kiwia akaamriwa aombe radhi, na kwa desturi yetu radhi ya jambo zito huombwa kwa jani la sale lililofungwa fundo. Lakini angelitoa wapi? Upande wake hakubakiza hata moja. Ikambidi amwendee yuleyule aliyemkosea.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nigawie jani nikuombee radhi."

Ndekusura bado alikuwa na hasira, wala hakuificha. "Nenda kachume mwenyewe," akasema. "Ila uchume kwa mkono. Ukinikatia tena kwa panga, mbegu zote hizo nitazipanda wapi?"

Wazee waliangua kicheko. Kiwia akachuma jani, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili. Naye akalipokea, kwa kuwa jani la sale halikataliwi. Kihamba kile kikabaki chake na cha wanawe.

Tangu siku ile, mtu akiharibiwa kazi yake, huku kwetu haambiwi pole tu. Huambiwa: inuka uokote, akukatiaye sale amekupa mbegu.