Nyegere Alipotafuta pa Kula Mlimani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na mlima.
Mlimani?
Pana njia.
Njiani?
Yupo mpita njia.
Ana nini?
Ana njaa!

Basi mpisheni apite. Na wewe uliyekaa karibu na kuni, chochea moto, usingoje kuambiwa mara mbili.

Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakikaribishana majumbani, Nyegere alifunga safari kwenda kwa wakwe zake, ng'ambo ya mlima. Mnamjua Nyegere: mfupi wa miguu, mfupi wa subira. Alipanda asubuhi, akapanda mchana, jua likaanza kuteremka naye bado anapanda. Chakula alichofungiwa na mkewe alikimaliza kabla hajavuka mto wa kwanza, kwa hiyo msimwonee huruma sana.

Karibu na kilele palikuwa na kijiji kidogo. Nyumba zake zilikaa moja juu ya nyingine kama ngazi, na njia ilipita mbele ya kila mlango.

Sasa nitawaambia ninyi jambo ambalo Nyegere hakulijua. Katika nyumba ya juu kabisa waliishi dada wawili wa tumbo moja, Nakiete mkubwa na Mbonea mdogo. Mama yao alipofariki aliwaachia nyumba hiyo, mashamba mawili ya maharage, na mfereji mmoja wa maji: leo zamu ya huyu, kesho zamu ya huyu. Kiangazi kilipokuwa kikali, Nakiete alifungulia maji shambani kwake siku isiyo yake. Maharage ya Mbonea yakakauka. Mbonea akamuuliza, Nakiete akasema hajui lolote.

Kuanzia hapo hawakusemezana. Walichora mstari wa majivu katikati ya nyumba. Wakagawana hata mafiga: moja la mkubwa, moja la mdogo, la tatu likabaki pale katikati halina mwenyewe. Na figa moja haliinjiki chungu. Kila mmoja akawa anafukia kiazi chake kwenye majivu na kukila akiutazama ukuta. Mwishowe Mbonea akauambia ukuta kwamba kesho atabomoa upande wake, achukue miti yake ashuke bondeni. Alikwisha kuanza kulegeza kamba za paa. Na nyumba ya mlimani ikibaki nusu, upepo hauisazi.

Majirani waliumia, lakini wangefanya nini? Wahenga walishasema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Tena aliyekula kwa mkubwa angeambiwa amemtupa mdogo, na aliyekula kwa mdogo angeambiwa amemtupa mkubwa. Kijiji kizima hapakuwa na wa kuingia mle. Ikabaki kutazama njia.

Nyegere akafika nyumba ya kwanza, kwa Mzee Mghamba. Ndizi na nyama ya mbuzi zilikuwa zikitokota, harufu imejaa mpaka uani. Mzee akampokea vizuri, akampa maji ya kunywa, akamuuliza habari za atokako. Nyegere akajibu yote huku akikitazama chungu.

"Baba, nina njaa. Nile wapi?"

"Hapa hutakula, mgeni wetu. Panda juu kidogo."

Nyegere akaondoka akinung'unika: "Pua imekula, tumbo limetazama."

Akafika nyumba ya pili. Mama wa nyumba hiyo alikuwa akigeuza makande kwa mwiko, mahindi yamepasuka, maharage yamelainika. Akampa mgeni kigoda, akampa maji ya kunawa uso, akampa pole ya safari.

"Mama, nina njaa. Nile wapi?"

"Hapa hutakula, mwanangu. Panda juu kidogo."

"Pua imekula, tumbo limetazama."

Akafika nyumba ya tatu, kwa mhunzi na mkewe. Palikuwa na viazi vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakamsifia mkia wake, wakamuuliza wakwe hawajambo.

"Jamani, nina njaa. Nile wapi?"

"Hapa hutakula. Panda juu kidogo, mlango wa mwisho."

"Pua imekula, tumbo limetazama," akasema Nyegere, na safari hii machozi yalimlenga. Alikwisha kuamini kwamba amefika kijiji cha wachoyo. Ungekuwa wewe ungesema nini? Maji kila nyumba, na maji hayashibishi.

Akafika nyumba ya juu. Hapakuwa na moshi wala harufu. Akabisha hodi, akakaribishwa na sauti mbili kutoka pande mbili. Akaingia, akakuta mwanamke huku na mwanamke kule, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Akasema kwamba ana njaa na kwamba waliomwelekeza walisema atakula hapa.

Dada wote wawili wakaona haya. Mgeni halali njaa mlimani, na mgeni halishwi kiazi cha majivuni kama mchunga mbuzi. Nakiete alikuwa na unga na chungu. Mbonea alikuwa na mboga na chumvi. Lakini unga hauivi wenyewe, wala chungu hakikai hewani.

Nakiete akasema, "Mgeni, mwambie huyo wa upande wa pili alete figa lake."

Nyegere akavuka mstari, akamwambia. Mbonea akasema, "Mgeni, mwambie huyo aliyekutuma alete lake kwanza."

Nyegere akarudi, akasema. Nakiete akajibu kwamba yeye ndiye mkubwa. Nyegere akavuka, akafikisha. Mbonea akajibu kwamba mkubwa ni jaa, na avumilie. Nyegere akavuka tena, miguu mifupi, tumbo tupu, manyoya yamejaa majivu. Alipotumwa mara nyingine hasira zikampanda. Akaenda katikati, akakaa juu ya figa lile lisilo na mwenyewe.

"Mimi ni mgeni, si mjumbe," akasema. "Sipeleki tena neno la mtu. Semezaneni wenyewe, au nife njaa hapa hapa. Na nikifa mnigawane vizuri: kichwa upande huu, mkia upande ule."

Akafumba macho.

Ukungu ukaingia pale paa lilipolegea, ukatandaa juu ya mstari wa majivu, juu ya mkubwa na juu ya mdogo. Nakiete akaliangalia lile tundu. Kwa mara ya kwanza akaona kwamba mdogo wake anaondoka kweli, na akaogopa.

Akainama, akalibeba figa lake, akaliweka katikati. Yakawa mawili. Akangoja. Mbonea hakusogea.

"Mbonea," akasema Nakiete.

Mbonea akageuka. Jina lake lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile kiangazi kizima.

"Mdogo wangu, maji yale yalikuwa zamu yako. Nilijua, na niliyafungulia. Nikaona haya kusema, na kila siku iliyopita haya ikaongezeka. Usibomoe nyumba ya mama."

Mbonea akalia. "Maharage huota tena, dada," akasema. "Mimi nilitaka useme tu."

Akalileta figa lake. Nyegere akafumbua jicho moja, akashuka upesi kabla hajainjikiwa chungu mgongoni. Moto ukawashwa, ugali ukasongwa, mboga ikaungwa. Walikula watatu kwenye sinia moja, na mgeni hakuona aibu kukwangua ukoko.

Asubuhi Nakiete alisimama chini akirusha kamba, na Mbonea juu ya paa akizifunga. Nyegere alikuwa akiwaaga, mara Mzee Mghamba akafika akihema. Mzee hakuamkia mtu. Aliuliza neno moja tu: mgeni alikula chungu kimoja au viwili?

"Kimoja," akasema Nyegere. "Lakini nyinyi wengine mlininyima."

Mzee akakaa chini palepale, akafuta macho kwa kiganja. "Tungekulisha sisi, ungelala umeshiba," akasema, "nasi leo tungekuwa tunatazama nyumba ikibomolewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikungoja siku nyingi, baba, wala hatukujua kwamba utakuja na mkia."

Nyegere akataka kukasirika, hasira haikuja. Akavuka mlima kwenda kwa wakwe.

Hadithi yangu imeiva, nimeiepua. Tamu ni yenu, iliyoungua ni yangu. Na funzo lake ndilo hili: ukifika kijiji kidogo cha mlimani, usiulize wapi wanapika vizuri, uliza wapi mgeni anahitajika. Na ukimkosea mtu, sema mapema, maana haya hukua kuliko kosa.

Haya, inukeni mkalale. Ila ngojeni kidogo. Mimi na mke wangu tangu asubuhi hatujasemezana. Nani kati yenu hajala?