Watu Waliofutika Kasoma

Haya, tulieni nisimulie. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mwishoni nitawatupia swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika jimbo la Nyalubanda kulikuwa na ofisi ndogo yenye kazi kubwa. Ilikisia watu wa jimbo zima watakuwa wakisafiri kwenda wapi miaka ijayo, ili barabara na madaraja yajengwe panapostahili. Kazi hiyo wachache sana huisomea moja kwa moja. Wengi huingilia mlango mwingine, wakiwa na elimu waliyoipata kwa shughuli nyingine kabisa, na kila mmoja huamini kimoyomoyo kwamba mlango wake ndio wa mbele.

Mkuu wa ofisi alikuwa Bi Shamimu Kalembe, mchumi, mwanamke wa kuwaza sana. Wanasema wasiwasi ndiyo akili. Basi Bi Shamimu alikuwa na akili ya kugawia watu. Chini yake walikuwepo wataalamu watatu.

Wa kwanza ni Dokta Ng'wandu, mtu wa takwimu. Zamani alikuwa akihesabu wagonjwa wa kipindupindu, wilaya hadi wilaya. Kipaji chake kilikuwa kunusa namba isiyokaa sawa, hata ikiwa imevalishwa suti.

Wa pili ni Mhandisi Haule. Alianza kwa kujenga barabara, na mgongo ulipomchosha akahamia kwenye kompyuta. Ndiye aliyeiunda modeli ya ofisi, yaani ile programu inayochukua vijiji vyote vya jimbo na kusema nani atapita wapi. Kipaji chake kilikuwa mikono: hakuna kilichoharibika kikamshinda kutengeneza. Ukiisema vibaya modeli yake, alinuna kama umemtukania mtoto.

Wa tatu ni Stumai, msomi wa mambo ya jamii. Ujana wake aliumaliza akifuatana na wafanyabiashara wa minada, akitaka kujua wanavyoishi. Kipaji chake kilikuwa kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka ajibiwe. Wenzake walimtania kwamba hajui kujumlisha, naye akawaambia wao hawajui wanachojumlisha.

Hawa watatu walikuwa wa mkataba, na mkataba ulikuwa unakwisha. Baraza la jimbo lilitoa nafasi moja tu ya kudumu: Mtaalamu Mkuu wa Safari. Atakayetajwa na Bi Shamimu abaki, wawili waage. Bi Shamimu alikuwa ameliahirisha jina hilo mpaka likamfikia shingoni, kwa sababu baraza lilitaka kulisikia siku ileile litakapoamua habari ya daraja.

Nalo daraja lenyewe lilikuwa hivi. Mto Luhembe unaligawa jimbo katikati, na fedha zilitosha daraja moja tu. Ama lijengwe Itimbya, penye viwanda na maofisi, ama Kasoma, ambako watu huvuka kwa pantoni. Likijengwa Itimbya, pantoni ya Kasoma ingeondolewa. Modeli ilikuwa imesema Itimbya, tena bila kusita: daraja likiwa kule, pantoni ikiondoka, hakuna atakayeumia.

Asubuhi ya kikao Bi Shamimu alikuwa akipitia maelezo yake, chai imepoa mbele yake. Alijiambia kwamba namba zimekubali, basi yamekwisha. Ndipo Dokta Ng'wandu alipoingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Alisema amejumlisha safari zote za jimbo kabla ya daraja, kisha akajumlisha kando zile za baada ya daraja, na za baada ni pungufu. Bi Shamimu akamjibu, kwa sauti aliyotaka iwe ya utulivu, kwamba pengine watu wataamua kukaa nyumbani.

"Bi Shamimu," Ng'wandu akasema, "nilipokuwa idara ya afya, zahanati ikifungwa wagonjwa walipungua kwenye hesabu zetu. Hawakuwa wamepona. Walikuwa wanafia majumbani."

Bi Shamimu akayafunga maelezo yake. Baraza lilikuwa linakaa mchana uleule. Akawaita wote watatu, akafunga mlango, akauliza safari zilizopotea zimekwenda wapi. Ng'wandu alijua tu kwamba zimepotea, hakujua zilipopotelea. Stumai aliiangalia michoro ya modeli kama mtu anayeangalia maandishi ya nchi nyingine. Ndipo Haule akavua miwani.

Hakuna aliyemshuku, na angeweza kunyamaza. Hata mimi ninayesimulia sina hakika kama ningekuwa yeye ningefungua mdomo, siku ambayo jina moja tu ndilo linalobaki.

"Mama, ni mkono wangu," akasema. "Modeli ilikuwa inasema Kasoma wanapita wachache mno, na waliosimama kivukoni kuhesabu wiki nzima walisema wanapita wengi. Vikawa havilingani. Nikaweka namba ya kuzidisha pale kwenye pantoni, vikalingana. Nilijua nitairudia, sikuirudia."

Ng'wandu akashika kichwa. Maana ya maneno yale ilikuwa mbaya: wale watu walikuwa wamebandikwa kwenye pantoni, hawana kijiji wanakotoka wala mahali wanakokwenda. Ukiiondoa pantoni kwenye modeli, nao wanafutika pamoja nayo. Ndiyo maana hakuna aliyeonekana kuumia.

Bi Shamimu akashika tumaini la mwisho, na ninyi msimcheke, mfa maji haachi kutapatapa. Akasema labda modeli ndiyo ilikuwa sahihi tangu mwanzo, labda waliohesabu kivukoni ndio walioongeza chumvi. Haule akasema inawezekana. Ng'wandu naye akakiri kwamba kwa namba peke yake hawezi kumkatalia.

Hapo Stumai akauliza wale waliokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu safari zao ili modeli ipate hesabu zake, waliwauliza nini. Haule akamwambia ni swali lilelile linalotumika kila mahali: jana ulikwenda wapi? Akauliza tena, waliuliza siku gani. Akajibiwa katikati ya wiki, kama kawaida ya kazi hii, kwa kuwa mwisho wa wiki watu hawaendi kazini na huvuruga hesabu. Stumai akahesabu siku kwa vidole.

"Mnada wa Kasoma ni Jumamosi," akasema. "Nimevuka na wale akina mama na matenga yao, nimevuka na wenye ng'ombe. Wote mliwafikia Jumatano mkawauliza jana walikwenda wapi. Wakasema hawakwenda popote, na walisema kweli."

Hofu ikamshika Bi Shamimu waziwazi. Aliwaona watu wale wamefika ukingoni, wamekuta pantoni haipo, kwa karatasi yenye sahihi yake. Akawaomba, siyo kuwaamuru, wafanye linalowezekana.

Wakafanya. Stumai alitaja vijiji wanakotoka watu wa mnada na njia wanazopita. Ng'wandu alikadiria ni wangapi kutoka kila kijiji, akikataa kila namba iliyokuja kirahisi. Haule aliitoa ile namba yake ya kuzidisha, akaifumua modeli na kuwaingiza watu wale makwao, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Modeli ikaendeshwa tena, nao wakasimama mbele yake. Safari za jimbo zikalingana kabla na baada ya daraja. Jibu likawa Kasoma.

Barazani Bi Shamimu alieleza kila kitu, na kosa pia. Wajumbe walinung'unika, wakauliza, wakarudia kuuliza, mwisho wakapitisha daraja lijengwe Kasoma. Yeye hakusikia hata makofi, kwa kuwa alijua kinachofuata.

Kabla ya kuingia barazani, kila mmoja wa wale watatu alikuwa amemweleza lake. Ng'wandu alisema wazi kwamba anaitaka nafasi: bila yeye kushtuka, wenzake wangekuwa wanakunywa chai. Haule alibanwa ndipo akasema. Akasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwamba hataficha namba tena maisha yake yote. Stumai alisema wao wawili walikuwa wanatafuta safari, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anawajua wasafiri.

Mwenyekiti akamgeukia. "Bi Shamimu, tunakushukuru. Sasa tupe jina la anayebaki."

Bi Shamimu akasimama. Watatu walikuwa wamekaa mstari wa nyuma, kila mmoja anatazama sakafu. Akafungua mdomo.

Na mimi hapo ndipo ninapofunga wangu. Aliyeshtuka, aliyekiri na kutengeneza, aliyewajua watu: nani abaki? Wewe unayetikisa kichwa kule nyuma, usikimbilie kujibu. Mtaje unayemtaka, halafu ufikirie siku nyingine, namba nyingine zimelingana vizuri na kila mtu ameridhika, na wawili kati ya hao hawapo tena ofisini. Nani atafutika safari hiyo, na nani atakayejua? Haya, ungekuwa umesimama pale badala ya Bi Shamimu, ungetaja jina gani?