Panya Wawili na Kihenge cha Mama Kanga

Hadithi yangu ipo mlangoni, inabisha hodi!
Ifungulieni, iingie!
Ina mkia mrefu, itaenea?
Iingie na mkia wake!

Haya, sogeeni, sogeeni hapa karibu, msiniache niiseme peke yangu, maana hii kila nikiisema moyo hunienda mbio.

Hapo kale, kale sana, ndege walipokuwa wakilima na kuvuna wenyewe, aliishi Mama Kanga. Alikuwa na vifaranga kumi, na wa mwisho, mdogo kuliko wote, aliitwa Tunu. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Kati ya watoto wale na njaa palikuwa na kitu kimoja tu, kihenge. Kihenge cha fito, kimekandikwa udongo, kimekalishwa juu ya mawe, kimejaa mtama mpaka kwenye kifuniko. Mtama ukifika mpaka mvua, watoto wanapona. Usipofika, ndiyo basi.

Chini kihenge kilikuwa na mlango mdogo uliozibwa kwa udongo. Desturi ya ndege wa kule ilikuwa hivi: mlango wa chini haufunguliwi wala haugongwi mpaka tone la kwanza la mvua. Ukiugusa kabla ya hapo, unaiita njaa. Mtama huchotwa juu, na juu huko huko ndiko kunakogongwa kusikiliza kama umejaa. Na walinzi walikuwepo, siafu, jeshi zima, na mkubwa wao Jemadari.

Sasa, porini walikuwepo panya wawili ndugu, wa tumbo moja, wa siku moja. Mkia ule ule, masharubu yale yale, harufu ile ile. Mama yao mwenyewe aliwachanganya. Tofauti ilikuwa moja tu, ndogo, ya kwenye nyayo. Mmoja nyayo zake ngumu, akaitwa Kishindo. Mwingine nyayo zake laini, akaitwa Nyatanyata. Tofauti hiyo tu, jamani! Shikeni hapo.

Kishindo ndiye aliyekuja kwanza. Alikuja asubuhi kweupe, kru! kru! kru! Akatoboa ubavu, akamwaga mtama, akala, akakanyaga, vifaranga wanalia, na kifaranga mmoja akakanyagwa akafa pale pale. Kumi wakawa tisa.

Siafu wakapanda. Siku ya kwanza wakamuuma miguu, akacheka. Siku ya pili wakamuuma tumbo, akayumba. Siku ya tatu wakamuuma pua, akaanguka nje, hakuamka tena.

"Harufu yake tumeishika," akasema Jemadari. "Mwingine wa harufu hii akija, hamalizi hatua tatu."

Mama Kanga akamlilia mwanawe, akaziba tundu. Jirani yake, Shangazi Kwale, akaja na pole. "Mwanangu, yamekwisha. Sikiliza. Kimya. Shukuru."

Kichakani, Nyatanyata alikuwa ameangalia yote. Hakumlilia kaka yake. Alisema tu, "Kaka alikuwa na haraka."

Akaingia kwa upenyo mwembamba wa kifuniko. Nya, nya, nya. Siafu wakaisikia harufu, "Yupo chini!" Wakakimbilia chini, wakamuuma, akahama. "Yupo ukutani!" Wakauma, akahama. "Yupo kwenye fito za juu!" Wakauma, akahama. Na kila alipopita alipangusa mkia, alipangusa mkia, mpaka kihenge kizima kikanuka yeye. Siafu wakawa wanauma fito, wanauma udongo, wanaimba kwa kuhema:

Tumeuma, tumeuma,
harufu bado ipo.
Tumeuma, tumeuma,
meno yamekuwa butu.

Mwisho siafu mmoja akauliza, "Jemadari, hii harufu mbona kama ni ya nyumba?"

Jemadari alikuwa amechoka. Akasema, "Ni ya nyumba. Laleni."

Pakawa kimya.

Mama Kanga akagonga juu, ndi! Akafunua kifuniko, mtama upo. Kesho yake akagonga juu, ndi! Mtama upo. Lakini vifaranga walikuwa wanakonda, na Tunu alikuwa anakonda kuliko wote, anakula na anakonda, shingo imekuwa kama uzi, anasinzia jua likiwa kali.

"Ni kiangazi hicho," akasema Shangazi Kwale. "Umesikia kelele?"

"Sijasikia, shangazi."

"Umeona damu?"

"Sijaona."

"Basi unamtafutia mtoto ugonjwa. Usijipe presha, mwanangu."

Siku ya tatu Tunu akatema punje. "Mama," akasema, "mtama una upepo."

Mama Kanga akaipasua punje ile. Ganda tupu. Akapasua ya pili. Ganda tupu. Ya tatu, ganda tupu. Kuna anayekula kiini akiacha ganda! Akakiangalia kile kihenge kilichojaa, kizuri, kimya, akakiogopa.

Akaenda chini.

"Wewe!" Shangazi Kwale akamrukia. "Mlango wa chini? Unaiita njaa!"

"Njaa haijaitwa, shangazi, imo humu inalala! Nipishe!"

Akagonga chini. Ng'aaa. Sauti ya mtungi mtupu. Akavunja udongo, makapi yakamwagika mpaka magotini, na ndani, amekaa, amenenepa, anamtazama kwa upole, Nyatanyata.

"Kulikoni, Mama Tunu? Mimi nimemkanyaga nani? Aliyekuulia mwanao ni kaka. Mimi nakaa tu."

"Jemadari!" akapiga kelele Mama Kanga. "Muume!"

Jemadari akanusa. Akapiga miayo. "Hiyo ni harufu ya nyumba, mama."

Jamani! Walinzi wapo, adui yupo, na hawamwoni!

Mama Kanga akafikiri haraka maana hakuna muda, akisubiri panya anahama tena. "Shangazi, usibishane nami leo. Wachukue siafu, wote, wapeleke kilimani kwenye upepo, wapumzike mbali na harufu hii. Mimi nitaziba mlango."

Shangazi Kwale alitazama makapi yale. Akawabeba siafu mabawani, akaenda.

Mama Kanga akakisukumiza kichwa chake mlangoni, akatanua mabawa. Nyatanyata akaacha upole. Akaja mara ya kwanza, akamng'oa manyoya ya utosi. Mama Kanga hakuondoka. Akaja mara ya pili, akamng'oa ya mashavu. Hakuondoka. Akaja mara ya tatu, akamng'oa ya shingo, damu inamwingia machoni, Tunu nyuma yake anaita, "Mama, mama," kwa sauti ndogo mno. Hakuondoka.

Jua lilipoinama, siafu wakarudi. Jemadari akafika mlangoni, akanusa, akaruka. "Lahaula! Humu mna panya!"

Wakaingia na nguvu mpya. Wakamuuma chini, wakamuuma ukutani, wakamuuma juu kwenye fito, na mlangoni hapapitiki, na kwa unene ule upenyo wa kifuniko haumtoshi. Nyatanyata hakutoka mzima.

Mtama wenye kiini ulibaki kidogo, chini ya nusu. Mama Kanga akaugawa punje kwa punje mpaka mvua. Vifaranga tisa waliiona mvua. Na Tunu, mmoja wao, aliiona akiwa amebebwa.

Ndiyo maana mpaka leo kanga hana manyoya kichwani. Ndiyo maana hukwaruza chini hata akiwa ameshiba, na hupiga kelele hata pasipo na kitu, na nyie mkimsikia msimcheke.

Mafundisho ni haya. Virusi navyo vina ndugu wa tumbo moja. Tofauti kidogo tu, na mmoja anakuja na homa na vishindo, mwili unapigana naye, ama anakuumiza ama anaondoka. Mwingine anaingia, anakaa, anazunguka kila mahali, mpaka walinzi wa mwili wanachoka na kumzoea. Kwa hiyo mtu asikuambie mtoto amepona kwa sababu nyumba ni kimya. Pasua punje. Gonga chini.

Hadithi yangu imetoka na mkia wake.
Ipite salama!
Mlango je?
Tumeufunga, na chini tumegonga!