Sabuni ya Zahwa na Ulimi wa Bi Lubaba

Waliotutangulia wamesimuliana, nasi tumepokea kutoka vinywani mwao, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba, na mumewe Sheikh Mundhir. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, yeye na mzee wake, na walipendana mapenzi ambayo majirani waliyacheka kwa siri na kuyatamani kwa siri vilevile.

Kazi ya Bi Lubaba ilikuwa kupika sabuni nyumbani kwake. Msidhani ni kazi nyepesi, ndugu zangu! Huchukuliwa mafuta ya zeituni, yakatiwa maji makali yaliyochujwa kwenye majivu na chokaa, yakawekwa motoni na kukorogwa mpaka mkono uombe msamaha. Sabuni hukaza kama uji, kisha hulegea, kisha hung'aa. Hapo ndipo hutiwa rangi na manukato, mwishoni kabisa, maana ukiyatia mapema ule ukali huyala yote. Lakini kabla ya hayo mpishi huchukua tone likapoa, akaligusisha ulimini. Likiuma, sabuni bado mbichi, nayo itaunguza ngozi ya mtu. Likinyamaza, imeiva.

Sabuni ya kawaida ilianikwa darini majuma mengi mpaka ikapoa ukali wake wote, hata mpishi akikosea kidogo haidhuru. Sabuni ya bi harusi ndiyo ilikuwa na mashaka. Ada ya mji ule ilikuwa bi harusi aoshwe kwa sabuni iliyopikwa siku hiyohiyo, ingali laini, yenye rangi na harufu. Basi wanawake wakija kuichukua, mama wa bi harusi alimwuliza mpishi: “Ulimi wako unashuhudia?” Naye mpishi hujibu: “Ulimi wangu unashuhudia.” Hapo vigelegele hupigwa mpaka mtaa wa pili. Na katika mji mzima hapakuwa na ulimi ulioaminiwa kama wa Bi Lubaba.

Sasa sikilizeni mtihani wake. Bi Lubaba alipata homa kali, na alipoinuka kitandani ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakuonja tamu wala chungu. Alitafuna pilipili manga, masikini, akaitafuna yote kama mkate, asihisi kitu. Akaona haya kumwambia mtu. Alisema moyoni, “Utarudi tu, inshallah,” akaendelea kupika sabuni ya kuanika, na hakuna aliyejua.

Siku moja akaja Bi Umaima, mjane, jirani yake wa miaka mingi. Binti yake Zahwa alikuwa anaolewa. Bi Umaima alikuwa na kichupa kidogo mno, akakitoa kifuani kama mtu atoaye kinda la ndege.

“Dada yangu,” alisema, “haya ni mafuta ya waridi. Marehemu baba yake Zahwa aliyakamua kwa mikono yake mwaka aliokufa. Alisema, mwanangu akiolewa aogee harufu hii, ajue kuwa nipo. Hayapo mengine. Yatie katika sabuni yake.”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, enyi wapenzi. Lakini Bi Lubaba alimpenda Zahwa tangu akitambaa, akakipokea kichupa na kukibusu, asiseme neno.

Asubuhi ya kuoshwa bi harusi, Sheikh Mundhir alikuwa ametoka kwenda kumzika rafiki yake kijiji cha jirani. Bi Lubaba akapika peke yake. Sabuni ilikaza, ikalegea, ikang'aa. Akachukua tone, akaligusisha ulimini. Kimya. Akagusisha tena. Kimya. Loh! Ni sabuni iliyonyamaza, au ni ulimi? Angeweza kumwita jirani yeyote aonje, lakini jirani angeuliza kwa nini. Akajiambia, “Nimepika sabuni tangu nikiwa mwari, macho yangu yanatosha.” Akaitia zafarani nusu yake ikawa ya dhahabu, nusu akaiacha nyeupe, kisha akakifungua kichupa na kumimina mpaka tone la mwisho. Nyumba nzima ikanukia waridi.

Alasiri wanawake wakaja wamejipamba, na Zahwa kati yao amejifunika ushungi. Bi Umaima akasimama mbele ya sabuni, na kwa harufu ile machozi yakamlengalenga. Akauliza kama ilivyo ada:

“Ewe Lubaba, ulimi wako unashuhudia?”

Bi Lubaba akafungua kinywa. Akamtazama Zahwa, shingo yake na mikono yake. Akaona kuwa akisema ndiyo, ataweka ngozi ya mtoto huyu rehani kwa ajili ya jina lake. Na akisema siyo, jina lake limekwenda, na pengine mafuta ya marehemu yamekwenda pia, maana sabuni mbichi hairekebishwi ila kwa kurudishwa motoni, na moto hauachi harufu.

“Hapana,” alisema. “Ulimi wangu umekufa tangu ile homa. Sijui kama imeiva. Nawaomba radhi.”

Vigelegele vikawafia mdomoni. Bi Umaima akasema kwa uchungu, “Subhanallah, Lubaba! Na usiseme kabla hujamimina mafuta ya mume wangu?”

“Ni kweli. Niliona haya. Mungu anisamehe, nawe unisamehe.”

Wakati huo Sheikh Mundhir alikuwa amefika mlangoni, vumbi la makaburini lingali miguuni, na maneno yote ameyasikia. Akapiga hodi, akaitoa salamu, akasema, “Nipeni mimi nionje. Ulimi wangu ungali hai, ingawa umeteswa sana.” Hawakufahamu maana yake. Akakata kipande, akakigusisha ulimini, na hapohapo mzee wa watu akaruka, akakimbilia mtungi, akasukutua na kutema huku machozi yanamtoka.

“Mbichi!” alisema alipoweza kusema. “Mbichi kabisa!”

Baadaye walitambua kuwa majivu yalikuwa ya mti mwingine, makali kuliko yale ya siku zote, na jicho la mpishi haliwezi kuliona hilo. Bi Umaima aliishika mikono ya binti yake, akaigeuza huku na huku kana kwamba tayari imeungua, kisha akaenda kumkumbatia Bi Lubaba, na wote wawili wakalia.

“Irudishwe motoni,” alisema Bi Umaima. “Mafuta yaende. Mwanangu amesalimika.”

Ikakatwakatwa, ikaongezwa mafuta ya zeituni na maji kidogo, ikarudishwa motoni. Mvuke ulipoanza kupanda, waridi likapanda nao. Bi Lubaba alikoroga huku ameinamisha uso, kila akivuta pumzi anaona marehemu anaondoka mara ya pili. Hapo Zahwa akaomba shuka.

“Ya nini, mwanangu?” aliuliza Bi Lubaba.

“Baba alisema niogee harufu yake,” Zahwa alijibu. “Hakusema lazima niogee kwa maji.”

Akavua ushungi, akafungua nywele, akajifunika shuka kando ya sufuria kama wafanyavyo wanaojifukiza, na mvuke wote ukamwingia nywele na mavazi. Bi Lubaba akamwambia, “Usiiname sana, mama, utaungua,” na kutoka ndani ya shuka sauti ikajibu, “Niache kidogo tu, bibi. Yupo.” Hapakubaki jicho kavu nyumbani mle. Alipotoka, alinukia waridi kuliko bi harusi yeyote aliyepata kuonekana katika mji ule.

Sabuni ilipong'aa tena, Sheikh Mundhir, ambaye alikuwa amengoja ukumbini, akaletewa tone. Akaonja kwa woga, jicho moja amelifumba. Akatulia. Akatabasamu. Bi Umaima akauliza upya, na Bi Lubaba akajibu kwa sauti ya wazi, “Ulimi wa mume wangu unashuhudia.” Sabuni haikuwa na harufu, lakini rangi ya zafarani ilibaki, na vigelegele vya siku hiyo vilivuka mtaa wa pili vikafika wa tatu.

Baada ya Magharibi wakaketi wawili kula dengu. Sheikh Mundhir akatia tonge kinywani, akatafuna polepole. Bi Lubaba akamtazama.

“Mume wangu, leo tumejifunza kusema. Niambie kweli. Chumvi imezidi?”

Mzee akataka kukataa kwa mazoea. Kisha akasema, “Imezidi, mke wangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipopona.”

“Ee Mola wangu! Na wewe unakula, unasema alhamdulillahi, unaomba uongezewe?”

“Niliomba niongezewe maji,” alisema Sheikh Mundhir. “Nilijua ulimi wako umekufa, nikaogopa kukuvunja moyo. Lakini leo nilipokuwa nasukutua nilimwomba Mungu toba. Laiti ningalisema, usingalipika peke yako.”

Bi Lubaba akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akausogeza ule mchuzi mbali naye. Tangu siku hiyo hakikushuka chungu jikoni mwake, cha sabuni wala cha dengu, ila mzee ameitwa kwanza aonje.

Mnaona, ndugu zangu? Chumvi ya mwenzako ivumilie, una thawabu. Lakini likija jambo la kumdhuru mtoto wa mtu, subira ya kunyamaza haiitwi tena subira, na mapenzi hayawi udhuru. Ewe Mola, tujaalie ndimi zinazoshuhudia kweli, na zikifa ganzi, tujaalie ujasiri wa kukiri na mtu wa kutuonjea. Amin.