Nyimbo Asizoziomba Bi Tahiya

Mwenye nguvu akimwona mnyonge hufikiri hana madhara, akapita akimcheka. Wahenga walilijua kosa hilo, wakatuonya: mdharau mwiba, mguu huota tende. Kampuni ya simu ya Mwangwi ililisikia onyo hilo, ikatia pamba masikioni.

Mwangwi ilipoingia Unguja haikuwa na duka Mkokotoni. Ilikuwa na Mwanakheir. Mwanamke huyu, mwenye ulimi mtamu kama halua, aliweka meza na mwavuli karibu na soko, akauza laini na vocha, akavuka bahari mpaka kisiwa cha Tumbatu kusajili watu nyumba kwa nyumba. Watu hawakuiamini kampuni, walimwamini yeye. Mwangwi ikanawiri, ikawa inajigamba kwamba imeenea nchi kumi na nne.

Asubuhi moja Bi Tahiya, mkulima wa mwani kutoka Tumbatu, alifika mezani ametaharuki.

"Mwanakheir, nnatia vocha jioni, asubuhi haipo! Nani ananilia?"

Mwanakheir aliikagua simu. Bi Tahiya alikuwa ameunganishwa na huduma ya nyimbo, na kila siku alikatwa pesa.

"Nyimbo gani? Mimi simu nnajua kupokea tu, mwanangu!"

Mwanakheir aliona haya. Laini ile alimsajilia yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo akaenda mjini, ofisi ya Mwangwi, jirani na Darajani. Meneja Hafiz alimsikiliza macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Kinachokatwa ni kidogo, hakimuumizi mtu."

"Kidogo kwa kila mmoja, na wateja ni mamilioni. Huo ndio utajiri wenu?"

Hafiz akacheka. "Ndiyo biashara. Bibi mmoja wa Tumbatu atatufanya nini? Na wewe una nini zaidi ya meza na mwavuli?"

Kabla hajafika nyumbani, namba yake ya uwakala ilikuwa imefungwa.

Damu ilimchemka. Kesho yake aliketi pale pale, hana hata vocha moja, akawaita wapita njia: "Lete simu yako nitazame." Fundi cherehani alikuwa akikatwa kwa habari za mpira. Imamu mzee, astaghfirullahi, alikuwa akikatwa kwa dondoo za mapenzi! Watu wakawaka kama makumbi makavu ya nazi. Mwanakheir akaandika majina kijiji kwa kijiji, kutoka Mkokotoni hadi Fumba, akaipeleka orodha kwa wasimamizi wa mawasiliano. Kisha akampeleka Bi Tahiya redioni.

"Sikuomba kuimbiwa," bibi alifoka. "Nnataka changu!"

Uchunguzi ukafanyika, na si Unguja peke yake. Mwangwi ikaamriwa kuwarejeshea wateja wake wote na kulipa faini nzito. Watu walichomoa laini wakazitupa, na nchi nyengine nazo zikaanza kuihoji.

Ndipo Hafiz alipofunga safari kwenda Mkokotoni, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba."

"Namba yako tushaifungua. Rudi kazini, watu wakikuona watarudi."

Mwanakheir alimkazia macho. "Watu walinipa imani yao, nikaikabidhi kwenu, mkaila. Mnataka niwaombee nyengine? Ondoka mbele yangu!"

Hafiz aliinamisha kichwa, akarudi mjini mikono mitupu. Miezi michache baadaye Mwangwi ilifunga ofisi zake Unguja. Ama kweli, mdharau mwiba, mguu huota tende.