Komba Alivyomwimbia Mkewe

— Niilete hadithi?
— Ilete, tuipokee!
— Mikono mnayo?
— Tunayo, weka!

Basi. Zamani, zamani za mbali, wanyama walipokuwa bado wanaoana kwa ngoma na kuzikana kwa ngoma, palikuwa na Komba mpiga zeze. Zeze lake lilikuwa la uzi mmoja, na kwa uzi huo mmoja alikodiwa na vikundi vitatu.

Ikiwa harusi, aliitwa na Kasuku mwenye matari. Komba akavaa kofia nyekundu, akapiga. Ikiwa mavuno, aliitwa na Ngiri mwenye ngoma kubwa. Komba akavaa kofia ya ukindu, akapiga. Ikiwa msiba, aliitwa na Chura mwenye upatu. Komba akavaa kofia nyeupe, akapiga. Na popote alipokwenda alikwenda na mkewe, Mwanatumu, mwimbaji wa vikundi vyote vitatu.

Siku moja Mwanatumu aliamka anaumwa. Jua lilipofika utosini, alikuwa amekufa. Wakamzika.

Katika nchi ile, maiti akishazikwa, kivuli chake husimama mlangoni kikingoja ngoma ya msiba. Ngoma ikilia, kivuli huifuata mpaka mtoni, kikavuka kwenda kupumzika. Lakini jua likizama hakijavuka, hakivuki tena. Hubaki njiani milele, kila ngoma inakivuta huku na huku.

Na palikuwa na mwiko: mfiwa hagusi ala yoyote mpaka arobaini ipite.

Chura akaja na upatu wake na watu wake. Akasema, "Pole, ndugu yangu. Haya, tuanze na wimbo upi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye mfiwa."

"Najua. Lakini siku zote unatuanzishia wewe. Zeze lisipotangulia, sisi hatujui pa kuingilia."

"Siruhusiwi kugusa zeze."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nakuuliza."

Komba alitazama mlangoni. Kivuli cha Mwanatumu kilikuwa kimesimama pale, kimya, kinangoja.

Mara akaingia Kasuku na matari. "Shemeji, pole sana! Mwanatumu alikuwa wetu. Msisumbuke, tutamsindikiza sisi." Akamvika Komba kofia nyekundu, matari yakalia. Lakini kikundi cha Kasuku kilijua nyimbo za harusi tu. Kivuli kikatoka mlangoni, kikashika njia ya kushoto, kinayumba mabega, kinaelekea kwenye nyumba za maharusi.

"Siyo huko!" akalia Komba.

Mara akaingia Ngiri na ngoma kubwa. "Pole, bwana. Kasuku anaharibu. Mwanatumu alikuwa wetu." Akamvika Komba kofia ya ukindu juu ya ile nyekundu, ngoma ikalia. Lakini kikundi cha Ngiri kilijua nyimbo za mavuno tu. Kivuli kikageuka, kikashika njia ya kulia, kinainama na kuinuka kama mvunaji, kinaelekea kwenye mtama.

"Siyo huko!" akalia Komba.

Chura akaingiwa na hofu. Akamvika Komba kofia nyeupe juu ya zile mbili, akagonga upatu bila kujua anagonga wimbo gani. Kivuli kikarudi katikati ya njia, kikasimama.

Basi wote watatu wakataka kurekebisha, na wote watatu wakapiga kwa pamoja. Matari huku, ngoma kule, upatu katikati. Kivuli kushoto, kivuli kulia, kivuli nyuma. Kila aliyepiga alipiga kwa mapenzi, na kila aliyepiga alizidi kumpoteza. Jua nalo limeshagusa vichwa vya miti.

Komba alishika kichwa, akakuta kofia tatu. Akauliza, "Leo mimi ni nani hapa?"

"Mfiwa," akasema Chura.

"Mpiga zeze wetu," akasema Kasuku.

"Wenu tangu lini? Wetu," akasema Ngiri.

Komba akavua ya kwanza, akaitupa. Akavua ya pili, akaitupa. Akavua ya tatu, akaitupa. Akasema, "Chura, nitajie mwiko."

"Mfiwa asiguse uzi, asiguse ngozi, asiguse shaba."

"Na koo?"

Chura alifikiri. "Koo halikutajwa."

"Komba, usijaribu!" akasema Ngiri. "Siku ile ulipoimba kwa Bibi Nungunungu, kuku wake walihama."

"Na wahame."

Akaenda akasimama mbele ya kivuli cha mkewe, akafungua kinywa:

*Nenda polepole, mwenzangu,*
*njia ni hii ya mtoni,*
*nenda polepole.*

Sauti ilikwaruza. Ilipanda pasipotakiwa kupanda, ikakatika pasipotakiwa kukatika. Matari yakanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Upatu ukanyamaza. Kivuli kikamgeukia, mabega yakaanza kutikisika.

"Masikini, kinalia," akasema Kasuku.

"Hapana," akasema Komba. "Anacheka. Nikiimba, hucheka."

Akatangulia, anaimba. Kivuli kikamfuata, kinacheka. Wakapita mtama, wakapita majaruba ya mpunga, wakafika mtoni. Mto ulikuwa na ukungu, ng'ambo haikuonekana. Kivuli kikampita Komba, kikatia mguu majini, kikaingia kwenye ukungu. Komba akaimba. Jua likazama.

Ngiri akamwambia, "Yatosha sasa. Ameshafika."

"Umemwona?"

"Sikumwona."

"Basi usiniambie ninyamaze. Nikinyamaza naye yuko katikati, atajuaje pa kwenda?"

Chura akamwambia, "Ndugu yangu, twende nyumbani."

"Umemwona?"

"Sikumwona."

Kasuku akachukua matari yake. Waliondoka mmoja mmoja. Komba akapanda mti wa ukingoni ili aone vizuri zaidi. Hakuona. Akaendelea kuimba.

Mpaka leo, mkisikia sauti mitini kama ya mtoto anayelia, huyo ni Komba. Halii. Anaimba, na anaimba vibaya.

— Je, Mwanatumu alifika?
— Aliyenisimulia hakuniambia. Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu alisema maji yalikuwa hayavumi, na mto ulikuwa si mpana. Alijua hayo tu, nami najua hayo tu.

Funzo lake ni hili: ukienda kwenye msiba wa mwenzako, usiende na kila unachokijua. Mwache yeye aanze, hata akianza vibaya, kisha umfuate.

Wako wasemao kwamba Komba analia kwa sababu amelewa tembo mnazini. Hao waulizeni wao wenyewe walikuwa juu ya mnazi kutafuta nini.

Nimeiweka mikononi mwenu. Aliyeishika, aende nayo. Ambaye imemdondoka, aje kesho aiokote.